Nyuki wa Mbao na Maua ya Cucu

Kama ulikulia upande wetu wa Gatuanyaga, miaka ile betri za redio zilipoanikwa juani kama mahindi ili habari za jioni zisikatike katikati, basi huhitaji kuelezwa vumbi ni nini. Vumbi lilikuwa ndugu yetu wa kwanza. Liliamka kabla yetu, likatusindikiza shuleni, likaonja uji wetu, na jioni Mama alipotusugua miguu kwa jiwe ndani ya karai, maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya mkonge, tukacheza mpaka tukasahau kwamba tulikuwa tumetumwa chumvi. Tulicheza kalongo, tukapika majani katika vikopo vitupu vya mafuta na kuyala kwa adabu, huku tukimsifu mpishi. Tulijua ni panzi yupi anatema mate na ni mdudu yupi anajifanya mfu. Watoto wa siku hizi wakiona panzi mmoja sebuleni huita mkutano.

Ndege pia tulikuwa nazo, zisizotumia mafuta. Kulikuwa na nyuki wakubwa waliotoboa mashimo kwenye mbao kavu, tukiwaita nyuki wa mbao. Dume lao ni la manjano, lina manyoya kama kifaranga, na haliumi. Ukimkamata kwa upole na kumfunga uzi mguuni, atazunguka juu ya kichwa chako akinguruma, nawe utatembea kijiji kizima ukiwa rubani. Jike ni mweusi tititi, mkubwa kama kidole gumba cha mtoto, na yeye anauma. Binamu yangu Kimani alijifunza tofauti hiyo kwa mdomo wake wa juu, na kwa siku mbili alizungumza kama mtu anayepuliza chai.

Kimani na mimi tulikuwa umri mmoja, miaka tisa, na tuliishi katika boma moja. Wazazi wetu waliondoka alfajiri kwenda kazini Thika na kurudi jua likizama, kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa mikononi mwa babu na bibi yetu, Guka na Cucu. Guka alikuwa seremala. Alikuwa ametengeneza milango na vitanda mjini Thika kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu macho yake hayakuacha kupima. Ukisimama mbele yake, alikuona ulivyopinda. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya mbao na mabati, na kila msumari aliupiga mwenyewe. Usiuguse ukuta wake kwa mkono wenye mafuta.

Mimi ndiye binti wa kwanza wa mwanawe, kwa hiyo nilipewa jina la Cucu, Wanjiku, na kwa desturi yetu Guka aliniita mke wake. "Mke wangu, niletee viatu." "Mke wangu, umekataa kuoga tena? Nitakurudisha kwenu." Nami nilimjibu kwa jeuri ya mke halisi, na Cucu akacheka huku akipepeta maharagwe, akisema, "Mwambie huyo mzee avifuate viatu vyake. Mimi nimechoka, sasa ni zamu yako."

Mbele ya jiko la Cucu palikuwa na mikarakara yake miwili. Sisi karakara tuliyaita matunda tu, kana kwamba maembe na mapapai yalikuwa kitu kingine. Shina moja alilitoa kwao Gatundu, la pili alipewa na rafiki yake wa kanisani, na Guka akayajengea kichanja cha miti na waya, mashina mawili yakapanda kutoka pande mbili na kukutana juu. Yalikuwa ya ile aina ya manjano inayovumilia joto letu. Maua yake yalifunguka saa sita mchana, wakati kila kitu kingine kilikuwa kimelala. Yana nywele za zambarau na nyeupe, zilizosimama kama kope za mtu aliyeshtuka. Harufu yake ilitufikia tukitoka shule, kabla hatujaona nyumba.

Jioni Cucu alikata matunda, akakamua na kuchuja mbegu, akatia sukari kidogo na maji ya mtungi. Kisha yeye na Guka waliketi kwenye benchi chini ya kichanja, kila mmoja na kikombe chake, na kubishana. Walibishana juu ya mvua, juu ya mhubiri wa Jumapili, juu ya nani alikuwa anakoroma. Betri zikiisha, hiyo ndiyo ilikuwa redio yetu.

Cucu alifariki mwezi wa saba, katika ile baridi kavu inayopasua midomo. Walimpeleka hospitali asubuhi, hakurudi. Watoto wa enzi zetu hawakuambiwa mengi. Tulinyolewa, tukavalishwa nguo safi, tukapewa soda, na hapo tukajua kwamba ni jambo kubwa. Baada ya mazishi Guka aliendelea kuketi kwenye benchi lile kila jioni na kikombe kimoja. Hakuwa na mtu wa kubishana naye, na mtu aliyezoea kubishana, akikosa wa kumpinga, husahau hata maneno yake mwenyewe.

Mwanzo wa mwaka uliofuata, nyuki wa mbao waliingia kwenye boriti za nyumba yake. Unga wa mbao ulianza kudondoka kutoka darini. Ulidondoka juu ya kofia ya Guka, juu ya kitanda, na siku moja ndani ya chai. Guka alikitazama kikombe, kisha akainua macho polepole.

"Huyu ni fundi gani anaanza kazi bila kuitwa?" aliuliza.

Alipanda ngazi, akaingiza kidole katika shimo moja. Nakumbuka uso wake. Shimo lilikuwa la mviringo kamili, laini kama limepigwa msasa, na naapa kwamba kwa kitambo kidogo alilihusudu. Kisha akakumbuka kwamba boriti ilikuwa yake.

"Zibeni haya mashimo yote kwa udongo," alituambia. "Zibeni mchana wakiwa nje. Wakikosa mlango watahama. Lakini msiwaue, mnasikia? Nao wanatafuta pa kulala. Wakihama wote, nitawatengenezea gari la mbao, la magurudumu manne."

Gari la magurudumu manne! Msomaji wangu, ukumbuke hali yetu. Gari tulilokuwa nalo lilikuwa rimu ya baiskeli na kijiti. Tulipiga hesabu na kuona kwamba njia ya kuziba wakiwa nje ingechukua wiki nyingi. Kwa hiyo tulianza kazi asubuhi, kabla jua halijawaamsha. Tuliziba mashimo wakiwa ndani. Waliotoka tuliwangoja na patipati mkononi, na mimi ndiye niliyekuwa na shabaha. Tulipomaliza nyumba tulikwenda kwenye ua, ambako milingoti mikavu ya mkonge ilikuwa imesimama imejaa nyuki, tukaikokota na kuichoma moto. Tuliimba tukiwa tunaichoma. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimeweka sikio kwenye boriti nikawasikia wakinguruma nyuma ya udongo wangu. Siku ya tatu niliweka sikio tena, sikusikia kitu. Nilimwambia Kimani twende tukacheze.

Guka aliona dari limenyamaza, akafurahi, akatutengenezea gari. Lilikuwa gari zuri. Sikumwambia tulivyolipata.

Mvua za masika zikaja, na baada yake mikarakara ya Cucu ikachanua kama haijawahi kuchanua. Kichanja kizima kiligeuka zambarau. Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Guka alitoa benchi akalipanguza, akaniagiza nisafishe chujio la Cucu lililokuwa limeshika kutu. Tukangoja. Ua lililofunguka leo, kesho lilikuwa limejikunja, keshokutwa lilikuwa manjano chini ya kichanja. Hakuna lililoacha hata kitunda kidogo kama punje ya mtama. Guka alifagia maua asubuhi, na jioni akafagia mengine. Alitia samadi. Alimwaga maji ya kuoshea vyombo, kama alivyofanya Cucu. Maua yaliendelea kuja na kuanguka, kuja na kuanguka, na Guka aliendelea kufagia, na kila siku alizungumza kidogo kuliko jana.

Jioni moja nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko, tukicheza brikicho, nikasikia jina langu.

"Wanjiku."

Nilidhani ananiita, nikafungua mdomo kuitika. Kisha nikaona kwamba amesimama chini ya kichanja, ameshika shina kwa mkono, na kofia ameivua.

"Wanjiku, ile mbao haikuwa kitu," alisema. "Ungeniambia tu kwamba una baridi, ningekupasulia mwenyewe. Nilipaza sauti kwa sababu ya mbao. Sasa umenikasirikia mpaka lini?"

Nilikaa pale mpaka Kimani akanipata, wala sikukimbia. Yaliyobaki nilielezwa baadaye. Asubuhi ya siku ile ya hospitali, Cucu alikuwa amechukua kipande cha mbao ya mvule ambacho Guka alikihifadhi kwa miaka, akakiwashia moto. Guka alifoka. Cucu alinuna. Walipomchukua alikuwa bado hajasema neno, na Guka hakwenda kumuaga kwa sababu na yeye alikuwa amenuna. Alidhani angerudi kesho yake waendelee kununiana. Sikuyajua hayo jioni ile, lakini niliyoyasikia yalinitosha. Guka aliamini kwamba mimea ya Cucu ilikuwa imekataa kumzalia.

Wiki hiyohiyo, wakati wa chakula, alisema bila kumtazama mtu yeyote, "Jumamosi nitaikata ile mikarakara. Pale patawekwa tangi la maji." Baba akasema, "Lakini ni ya Mama." Guka akajibu, "Ndiyo. Imemfuata mwenyewe," akainuka kabla ya kumaliza githeri yake. Mtu wa enzi zile kuacha githeri katikati, ujue hali ni mbaya.

Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu chini ya kichanja nikiokota maua yaliyoanguka, kwa sababu nilitaka kubaki na machache, ndipo jirani yetu Mama Mutua alipopenya kwenye ua wa minyaa. Mama Mutua alikuwa Mkamba aliyehamia upande wetu na mumewe zamani, mwenye mizinga kadhaa ya nyuki katika migunga ya mpakani. Alikuwa amekaa Machakos tangu Krismasi akimtunza binti yake aliyejifungua mapacha. Hakungoja kukaribishwa, hakuwahi kungoja, na jina langu alilikata likawa Ciku.

"Ciku! Mbona umekuwa mrefu na mwembamba hivi, hawa watu hawakulishi? Guka yako yuko wapi?"

"Anatia panga makali."

"Anataka kupigana na nani, na umri ule?"

"Anakata matunda ya Cucu kesho. Yamekataa kuzaa."

Aliacha kutabasamu. Akalivuta tawi, akalichungulia ua moja kwa karibu, kama mtu anayetafuta kibanzi katika jicho la mtoto.

"Haya maua hayajaguswa," alisema.

"Kuguswa na nani?"

"Na wale wakubwa weusi. Wale wa mbao. Ona." Aliinamisha ua nione. "Unga uko hapa chini, na mdomo wa ua uko hapa juu. Hawa nyuki wangu wadogo wa asali wakija wanaiba unga tu, mgongo wao haufiki popote. Lakini yule mkubwa anaingia kwa chini kama fundi anayejisukuma chini ya gari. Anakunywa sukari yake, mgongo unapakwa unga, anaenda kwenye ua la lile shina lingine, anauacha huko. Yeye ameshiba, na ua limepata mimba. Hapa kila mwaka wamejaa, ukipita wanakupiga kichwani. Wameenda wapi?"

Nilitazama miguu yangu. Vumbi lilikuwa limeijaa mpaka magotini.

"Ciku. Mmewafanya nini?"

"Tumewaua."

"Wote?"

"Kimani anafikiri mmoja alitoroka."

Nilingoja kofi. Enzi zetu kofi la jirani halikuhitaji barua ya ruhusa. Lakini Mama Mutua alivuta pumzi tu, akaketi kwenye benchi la Guka na Cucu.

"Guka anadhani ni Cucu amemkasirikia," nilisema, na hapo nikaanza kulia.

"Nani amekwambia?"

"Nilimsikia akiongea na mti."

Mama Mutua alijipangusa pua kwa ncha ya leso. "Basi utamwambia wewe," alisema. "Mimi nikimwambia atasema Mkamba anatafuta pa kuweka mizinga. Wewe atakusikia. Si ni mume wako?"

Jumamosi niliamka giza likianza kupungua. Nilivaa sweta ya shule, sijui kwa nini, labda niliona jambo zito halifai kusemwa na mtu aliyevaa nguo za nyumbani. Guka alikuwa tayari chini ya kichanja, ngazi imeegemezwa, panga mkononi.

"Mke wangu, rudi ndani, kuna umande."

"Guka, usikate."

"Rudi ndani nimesema."

"Guka, ni mimi."

"Najua ni wewe, nakuona."

"Hapana. Ni mimi niliyefanya yasizae. Mimi na Kimani. Tuliwaua nyuki wa mbao. Hawakuhama. Tuliwazibia ndani. Mama Mutua amesema wao ndio wanapeleka unga wa maua, na bila wao matunda hayawezi."

Niliyasema yote kwa pumzi moja. Guka hakuteremsha panga.

"Mliwaua?"

"Ndiyo."

"Niliwaambia msiwaue."

"Ulituambia."

"Na gari nikawatengenezea."

"Linakwenda vizuri sana, Guka," alisema Kimani, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa jiko. Mpaka leo nikimkumbusha anafunika uso.

Guka aliketi kwenye benchi. Aliweka panga chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kwa hivyo ni nyuki," alisema.

"Ni nyuki, Guka."

"Si Cucu yako."

"Cucu hajakasirika. Ni nyuki tu hawako."

Alivua kofia akaiweka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kisha nilidhani anacheka. Nimekuwa mtu mzima na bado sijui, na siku hizi nafikiri hata yeye hakujua. Nilimsogelea nikasimama katikati ya magoti yake, akanishika kichwa kwa ile mikono yake mikubwa iliyonuka gundi na tumbaku, akanishika kwa muda mrefu, akirudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini: "Ni nyuki. Ni nyuki tu."

Usidhani hatukuadhibiwa. Watu wa enzi zetu walijua kusamehe na kuadhibu siku moja. Gari liling'olewa magurudumu, nasi tukapewa kazi. "Mmeua mafundi," Guka alisema, "sasa mtamaliza kazi yao." Mchana ule Mama Mutua alikuja na manyoya ya kuku, akatuonyesha namna ya kuchukua unga wa ua la shina hili na kuupaka kwenye ua la shina lile. "Si hapo! Huko juu, kwenye midomo hiyo mitatu. Na usichukue na kurudisha hapohapo, mmea huu hauzai na nafsi yake. Toa kwa huyu, peleka kwa yule." Guka alisimama kando akitutazama kwa dakika chache, kisha akashindwa kuvumilia kazi mbovu. Alifunga miwani yake kwa uzi nyuma ya kichwa, akachukua unyoya.

"Mzee, hiyo si gundi, usipake kama unabandika mguu wa meza," Mama Mutua alimwambia.

"Niache. Mimi nimeanza kazi ya mikono kabla wewe hujajua kushika kijiko."

"Na fundi mweusi anatoboa shimo sawasawa kuliko wewe, bila kipimo. Umemwona?"

"Nimemwona," alisema Guka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akibishana tangu mwezi wa saba. Mama yangu, aliyekuwa anaanika nguo, alisimama na shati mkononi asilianike.

Kila siku baada ya shule tulipanda kichanja. Jioni moja Mama Mutua na mumewe walikuja wamebeba mlingoti wa mkonge mabegani, mashimo yake yamezibwa kwa vipande vya kitambaa. Nyuki walikuwa wamelala ndani. Tuliufunga kwenye kichanja kwa waya, tukavitoa vitambaa kimoja kimoja, tukakimbia. Asubuhi jike mmoja mweusi alitoka, akakaa mlangoni akipasha mabawa joto, akaruka. Guka alikuwa ameamka kumngojea. "Karibu, fundi," alimwambia.

Yale maua tuliyoyagusa kwa manyoya hayakuanguka yote. Mengi yaliacha kitunda, kikawa kama punje, kikawa kama gololi, na mwezi wa nane, mwaka mmoja na siku chache tangu Cucu aondoke, matunda yakawa manjano na kuanza kudondoka yenyewe chini ya kichanja. Guka alikamua mwenyewe. Alitia sukari nyingi mno na kumwaga nusu. Kikombe cha kwanza alimpa Mama Mutua, aliyesema kwamba ni chai ya harusi hiyo. Kisha akaketi kwenye benchi na kutueleza, kwa mara ya kwanza, habari ya ile mbao ya mvule, na jinsi Cucu alivyokuwa amenuna, mdomo mbele kama bata. Alituigizia. Tulicheka sana, naye akacheka mpaka akakohoa.

Miaka iliyofuata nyuki waliijaza tena nyumba yake. Unga ulidondoka kitandani, na Baba akataka kuleta dawa. Guka alikataa katakata. "Nyumba itaanguka siku moja," alisema, "na mimi pia. Waache wafanye kazi." Alianguka yeye kwanza, akiwa mzee aliyeshiba siku zake.

Sasa naishi Ruiru, katika mtaa wa Membley, na dada yangu na bintiye Shiru, ambaye ana umri niliokuwa nao mimi. Mwezi uliopita mwalimu wao aliwaagiza watengeneze mfano wa viumbe wawili wanaosaidiana. Kwa mtaala wa sasa, hiyo maana yake mama na aunty wakeshe wakifinyanga. Shiru alitazama video tatu kwenye simu, akaniambia kuhusu ndege anayeingia kinywani mwa mamba, ndege ambaye Shiru mwenyewe hajawahi kumwona, kama ambavyo hajawahi kumwona mamba. Nikamsimulia habari za nyuki wa mbao. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Aunty, sasa mlijuaje hayo yote na hamkuwa na Wi-Fi?"

"Tulikuwa na Mama Mutua," nilimwambia.

Akacheka, akadhani ni utani.

Mtaa wetu ni mzuri, sitaki kuusema vibaya. Maji yapo, taa zipo, barabara imefagiliwa. Kila baada ya muda wanakuja vijana waliovaa barakoa na kupuliza dawa kwenye maua ya kila nyumba, na maua yanabaki yamesimama, safi, hayana mdudu. Watoto wanapigwa picha mbele yake. Majirani tunafahamiana kwa kundi la simu: mwenye gari jeupe, umefunga njia, mwenye mbwa, tafadhali. Mzee wa nyumba ya pili kutoka kwetu alifiwa na mkewe miezi michache iliyopita. Nilijua kwa sababu ya hema na viti. Sote tuliandika pole kwenye lile kundi, maneno yaleyale, moja chini ya lingine. Tangu siku hiyo, jioni nikiwa bustanini, namsikia akimwagilia maua yake, kwa muda mrefu kuliko maua yanavyohitaji. Mara nyingine nasikia kama anazungumza.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda hadi geti lake. Nilisimama na kidole karibu na kengele nikitafuta la kuanzia. Enzi zetu mtu hakutafuta la kuanzia. Aliingia tu, akauliza mnapika nini, akaketi. Mimi nimeishi miaka minne nikitenganishwa naye na ukuta mmoja na nyumba moja, na sijui hata jina lake. Kwenye kundi ameandikwa kwa nambari ya nyumba.

Nikabonyeza. Maji yakafungwa.

"Ni nani?"

"Ni jirani," nilisema, na neno lilinitoka kwa aibu, kama nguo niliyoiazima.

Kisha sauti yake, ya upole kabisa, sauti ya mtu aliyetaka kweli kujua:

"Jirani yupi?"